Rangi ya Ganda Huja Mwisho

Wasichana wa kikundi, nimewasikia. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na mmoja wenu kanipigia simu wakati namwogesha mtoto, povu limemwingia machoni analia, eti: "Dada, mbona mayai yetu hayafanani rangi? Kuna mtu anatuchezea?" Hakuna mtu anayewachezea. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nioshe vyombo vyangu.

Mtasema mstaafu gani huyu, ana mtoto mgongoni na mwingine anamvuta sketi. Ndiyo hivyo. Kwenye kuku nimestaafu. Sasa tunakaa Kyela mjini, nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hataki kuona hata unyoya. Lakini miaka yote niliyokaa Ikolo kwa wakwe zangu, tangu nilipomaliza kidato cha nne nikaolewa, kazi yangu ilikuwa kuku na mayai. Nimewauzia walimu, manesi, na kila aliyejifungua kuanzia kwetu mpaka Njisi. Na katika kazi hiyo kilichokaribia kunitoa roho hakikuwa ugonjwa wa kideri wala mwewe wala kicheche. Kilikuwa rangi ya ganda. Kidogo kuku wangu wote wafukuzwe uwanjani kwa sababu ya mayai ya kahawia.

Swali kwanza, maana najua mkishapata kisa hamtasoma mengine.

Rangi ya ganda ni ya ukoo. Si ya chakula. Acheni kumlaumu aliyewauzia pumba. Kuku aliyezaliwa kutaga yai jeupe atataga jeupe hata umlishe matofali, na wa kahawia atataga kahawia hata umlishe unga wa dona. Chakula kinabadilisha kiini. Majani, mahindi ya njano, mchicha ulioachwa sokoni, hivyo ndivyo vinavyotia kiini unjano. Ugumu wa ganda nao unatokana na chakula, ndiyo maana mnapaswa kuponda makombe ya konokono wa ziwani mchanganye na pumba za mpunga na vichwa vya dagaa wetu wa usipa. Lakini rangi ya nje, hapana. Hiyo kuku kapewa na mama yake na baba yake. Na msisahau baba. Jogoo hatagi, lakini binti zake wanabeba rangi ya kwao. Mkibadilisha jogoo leo, msishangae mkiona mambo mapya kwenye viota pale vitetea wake watakapokua.

Sasa ninyi mmepewa vifaranga vya chotara. Chotara maana yake wamechanganyika. Mmoja atataga jeupe la maziwa, mmoja la chai ya maziwa, mmoja la chai ya rangi, mmoja atatia na madoa juu. Mnataka wafanane kwani wamevaa sare?

Yaliyonipata yalianza na jogoo.

Aliyenifundisha kuku ni mama mkwe wangu. Mwanamke yule anaweza kumshika kuku gizani akakuambia yuko karibu kutaga au bado, kwa vidole tu. Alinifundisha kutazama ndewe za masikio: za kuku mwenye yai jeupe mara nyingi ni nyeupe, za mwenye yai la kahawia mara nyingi ni nyekundu. "Mara nyingi," alikuwa anarudia, kidole juu. "Usije ukaapa kanisani kwa sababu ya sikio la kuku." Kuku wetu wa zamani walikuwa wadogo, mayai madogo ya rangi ya maziwa, na wateja ndiyo hayo walikuwa wanayaita ya kienyeji. Kwao kienyeji ni jeupe na dogo. La kahawia ni la trei, la kisasa, limeshushwa na gari kutoka Mbeya.

Basi akaja bwana mifugo, mtu wa Singida aliyehamishiwa kwetu, mcheshi, kila saa anafuta jasho na kulaani joto la Kyela. Akaniambia, "Dada, jogoo wenu ni babu wa kuku wote hapa. Anaoa wajukuu zake. Badilisha damu." Akaniletea jogoo chotara, mwekundu, miguu kama ya mbuzi.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Jogoo wa zamani alikuwa wa baba mkwe. Na mimi na baba mkwe hatusemezani.

Hatujagombana. Ni ukwe. Siku hizi mjini wengi wameacha, wanapiga hadi picha na wakwe zao, lakini kule nyumbani kwetu ulikuwa unashikwa sawasawa. Mkwe mwanamke na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso. Akipita njiani, mimi naingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake silitaji, na hata hapa sitaliandika, msiniulize. Nikiwa na neno kwake namwambia mama mkwe, au namwambia mume wangu Ambokile. Naye akiwa na neno kwangu ni hivyo hivyo. Ni heshima, nami nilikuwa naishika bila kununa. Ila jaribuni kufuga kuku kwenye uwanja mmoja na mtu msiyesemezana naye, halafu mje mniambie.

Nilimtuma Ambokile aombe ruhusa ya jogoo. "Umemwambia baba?"

"Nitamwambia."

"Umemwambia?"

"Leo kuna mpira, kesho."

Jogoo wa zamani akaliwa kwenye ubatizo, mwekundu akapanda juu ya zizi akawika, na Ambokile bado ana kesho yake. Wanaume wa hivyo wapo, mkichumbiwa muangalie.

Vitetea wa jogoo mwekundu wakaanza kutaga. Rangi za kila namna. Mmoja ndiye aliyekuwa kiboko yao, yai la kahawia iliyoiva kama punje ya kokoa iliyokauka. Nilimwita Katibu, kwa sababu hakutaga bila kutangaza. Akishaweka yai, anazunguka nyumba zote nne za uwanja ule anatoa taarifa.

Wateja wakaanza. Mwalimu mmoja akaligeuza yai mara tatu. "Mama Lusajo, na wewe umeanza kuuza ya trei?" Nikampasulia moja palepale kwenye sahani yake. Kiini cha njano iliyokolea. Nikamwonyesha na ganda kwa ndani: jeupe. Nje kahawia, ndani jeupe. Jaribuni wenyewe. Rangi imepakwa tu juu. Lakini nitampasulia kila mteja? Mwanamke mmoja sokoni akaninong'oneza niyaloweke kwenye maji ya ndimu, yatakwajuka, niyauze kama ya zamani. Niliyaona yake. Ganda linabaki na chenga kama ukuta ulioliwa na chumvi, yai linaharibika upesi, halafu yeye anashangaa wateja wanakimbilia wapi. Msifanye huo upuuzi.

Wateja ningewazoea. Aliyewasha moto ni wifi yangu, Subilaga. Alijifungua mtoto wa kwanza huko Mbeya, akaja kwa mama yake kulelewa uzazi. Mnajua mzazi anavyopikiwa kwetu: supu, ndizi, na mayai ya kienyeji, wala hakuna mjadala. Nikajaza kikapu. Nikaweka na ya Katibu, mazuri kuliko yote, kwa mapenzi kabisa.

Akafunua kikapu. "Wifi, haya ya kahawia umenunua wapi?"

"Kwenye kiota."

"Kiota cha dukani?"

"Subilaga, kuku hao hapo wanakupitia miguuni."

"Mimi nakaa Mbeya, wifi. Nayajua mayai ya trei. Yaani ya kienyeji unawauzia walimu, mimi mzazi unanilisha ya kisasa. Ndiyo maana maziwa hayatoki."

Maziwa yalikuwa yanatoka. Mtoto alikuwa amenona mpaka hana shingo. Lakini neno la mzazi kwenye nyumba ya wazazi wake halina rufaa. Jioni ile ile mama mkwe akaja jikoni, akakaa, akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nikajua.

"Baba yako anasema kuku wauzwe."

"Wepi?"

"Wote. Anasema mzazi hadanganywi kwake. Anasema Jumapili asisikie jogoo."

Niwaambie kuku wale walikuwa nini kwangu. Shamba ni la ukoo. Nyumba ni ya ukoo. Hata sufuria nyingi nilizikuta. Kuku tu ndio walikuwa wangu, niliwalea kwa mkono, na sabuni, na daftari za Lusajo, na khanga yangu ya kutokea, vyote vilitoka kwao, sikumwomba mtu. Na sasa waondoke, na mimi niliyeshitakiwa siruhusiwi hata kusimama mbele ya hakimu.

"Mama, mwambie kuku anataga kahawia kwa sababu ya jogoo."

Akaenda. Akarudi. "Anauliza jogoo gani, na nani alimleta."

"Hukumwambia ni bwana mifugo?"

"Nilimwambia umesema pole."

"Sijasema pole."

"Najua. Lakini ndilo lilikuwa linafaa."

Mama mkwe wangu nampenda, ila kama mjumbe hafai. Kila neno langu lilifika limekwisha kuoshwa, kuanikwa na kupigwa pasi. Mwishowe nikasema basi, tusibishane, apelekwe Katibu mwenyewe. Afunikwe kwenye tenga mbele ya nyumba ya mzee, atage pale, kila mwenye macho aone. Hilo lilifika kama lilivyo, na mzee akakubali.

Na hapa, wasichana, ndipo penye somo, kwa sababu mimi mwenye kuku wangu nilipaswa kujua.

Vijana wa uwanja walimfuata Katibu asubuhi. Wakamkimbiza kwenye migomba, wakamdaka, wakambeba miguu juu kichwa chini kama wa kuchinjwa, wakamfunika tenga juani. Watoto wakaja kumchokoa na vijiti. Mbwa akaja kunusa. Subilaga akaweka kiti chake pale na mtoto wake, analinda ushahidi. Siku hiyo hakutaga. Usiku mvua ikamnyeshea. Kesho yake, karibu na saa sita, nikasikia kilio cha Katibu, kifupi, hakina hata raha. Halafu sauti ya Subilaga, yenye raha yote.

"Hilo hapo. Njooni muone kahawia ya wifi."

Nilichungulia kwenye nafasi za mianzi ya jiko. Ameliinua juu. Yai limepauka, kama limepakwa majivu.

Nilikaa chini. Nilikuwa namwonea hasira kila mtu, mpaka kuku. Halafu nikakumbuka maneno ya bwana mifugo siku aliyoleta jogoo, na nilitamani kujipiga kofi. Yai hujengwa ganda lake jeupe kwanza, muda mrefu, karibu siku nzima. Rangi huja mwisho kabisa, saa chache kabla ya kutoka, kama fundi anayepaka ukuta wakati wenye nyumba wameshabeba vitanda. Kuku akishtuka, akihamishwa, akichemka na joto, akiumwa, fundi anaacha kazi katikati. Yai linatoka halijapakwa. Kwa hiyo mkiona kuku wa kahawia ghafla anapauka, msimshuku mwizi. Muulizeni kuku kimempata nini. Kama ni kundi zima limepauka na maganda yamekunjamana, mkimbilieni bwana mifugo, hiyo inaweza kuwa ugonjwa. Na kuku aliyetaga muda mrefu bila kupumzika naye hufifia polepole. Mayai yanakuwa makubwa, rangi ni ile ile kidogo, ukuta umeongezeka.

Sasa hayo yote niyapitishe kwa mama mkwe? Yafike yamekuwa "pole sana"?

Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hanioni, simwoni. Nikamwita kuku.

"Wewe Katibu."

Subilaga akageuka na yai lake mkononi.

"Wewe kuku, nakuambia wewe, simwambii mtu. Umebebwa kichwa chini, ukaanikwa juani, ukanyeshewa, ukachokolewa na vijiti, na wewe ungepata wapi nafasi ya kupaka rangi? Rangi ya yai ni ya mwisho, Katibu, unajua wewe. Likitoka bado lina majimaji, mtu akilipitishia kidole linaachia. Umetishwa, ndiyo maana umetoa yai uchi. Wanaokucheka waache. Siku wao wakijifungulia ndani ya tenga tutaona watatoa rangi gani."

Subilaga akasema, "Mama, msikie." Mama mkwe akasema, "Si anaongea na kuku."

Nikasubiri. Halafu nikasikia kikohozi, na ile sauti ambayo kwa miaka yote nilikuwa naisikia ikipita mbali.

"Kuku."

Sikuamini.

"Kuku, mwenyewe wako leo amesema sana. Muulize: jogoo mwekundu aliingia hapa kwa ruhusa ya nani?"

Nikajibu: "Katibu, sema hivi: mume wa mwenyewe wako alitumwa aje kuomba. Alitumwa mara nyingi kuliko vidole vyako vya miguu. Kila siku kulikuwa na mpira."

Ambokile alikuwa palepale chini ya paa la ghala, anatengeneza mnyororo wa baiskeli, na nikasikia mnyororo umeacha kulia.

"Kuku," akasema mzee, "huyo nitaongea naye mimi." Kisha akauliza: "Na woga wako utakwisha lini?"

"Ukifunguliwa, ukala, usipoguswa na mtu, utataga machache na rangi itarudi. Nakuambia wewe, Katibu."

"Basi nimesikia. Kuku."

Tenga likaondolewa. Subilaga akabeba kiti chake. Mzee mwenyewe akamtengenezea Katibu kiota kwenye beseni bovu ghalani, akamwekea nyasi kavu, akawafukuza watoto, akaanza kumtupia vichwa vya usipa kutoka kwenye sahani yake. Mimi nikahesabiwa kama sipo. Jumapili ikafika, tukaenda kanisani, tukarudi, jogoo akawika mchana kutwa na hakuna aliyesema neno. Kuuzwa hawajauzwa, kusamehewa hawajasamehewa. Nilikuwa nashindwa hata kula.

Asubuhi moja mama mkwe akaja jikoni anakaza midomo asicheke.

"Baba yako alikuwa amejikunyata ghalani tangu mapambazuko. Nikadhani anaumwa."

"Halafu?"

"Kuku katoa yai, yeye akalidaka. Lina majimaji bado. Akalifuta na dole gumba." Akainua dole gumba lake yeye kunionyesha. "Kidole kimekuwa cha kahawia. Anazunguka nacho uwanja mzima, hataki kunawa. Kampelekea Subilaga mpaka kitandani, kamwambia angalia."

"Amesemaje kuhusu kuku?"

"Amesema kuku wako wabaki."

Nikanyanyuka niwapelekee pumba, akanizuia.

"Na Katibu atabaki kwake."

"Kwake kama nini?"

"Mwanangu, usiulize sana. Shukuru, sema ndaga."

Nikasema ndaga. Lakini niliisema nimeuma meno. Kuku aliyenitetea, kuku wangu bora, akachukuliwa kama faini, na hakuna aliyesema kosa langu lilikuwa nini. Subilaga akala mayai ya kahawia mpaka akarudi Mbeya, mtoto mzito kama gunia, hakusema samahani, alisema tu, "Wifi, niwekee na ya safari." Na mzee akawa mwalimu. Mgeni akija, anatolewa yai, anageuziwa, anaambiwa rangi ya ganda huja mwisho, jogoo naye anabeba rangi, kama vile yeye ndiye aliyetoka Singida. Mimi jikoni nasikiliza masomo yangu yanafundishwa na mtu mwingine. Siku moja akamaliza kumfundisha mzee wa kanisa, akageuza sauti upande wa jiko: "Kuku, nimesema sawasawa?" Nikajibu, "Katibu, mwambie amesahau ndewe za masikio." Akaongeza ndewe.

Ndivyo tulivyoishi. Mambo ya mpunga, mambo ya shule ya Lusajo, homa ya mtoto, yote Katibu aliambiwa yeye kwanza. Nadhani hakuna kuku Kyela nzima aliyejua siri za ukoo kama yule.

Siku tunahamia mjini, magodoro yako juu ya bajaji, kuku wangu nimemwachia mama mkwe, mimi nimejificha upande wa pili wa migomba kama inavyotakiwa ili mzee apite. Hakupita. Alisimama upande wake. Nikasikia kitu kimewekwa chini taratibu. Baadaye Ambokile alikichukua, kikapu cha mayai, yote ya kahawia, yamepangwa kwenye pumba za mpunga.

"Kuku," akasema mzee. "Huko mjini wanakula mayai ya trei. Wajukuu zangu wasilishwe hayo. Yakiisha, waseme."

Nikageuka kumtafuta Katibu ili nijibu kupitia kwake. Hakuwepo. Alikuwa mbali kule kwenye kokoa, nilimsikia anatangaza yai lake. Hapo kwenye migomba hapakuwa na kuku hata mmoja.

Nikasema, "Kuku amesikia, baba."